Wakuu, kuteleza kwa snoubodi usiku: mbona sioni kitu? Ni macho, miwani au taa?

#1 Mtoto wa Tukuyu
Wakuu salaam. Nipo Minnesota mwaka wa nne sasa. Msimu uliopita jamaa wa kazini alinivuta kwenye snoubodi, ule ubao mmoja unaofungwa miguu yote miwili, siyo zile mbao mbili za skii. Mwanzoni nilimwona mwehu. Sasa mwehu ni mimi.

Shida yangu iko hivi. Natoka kazini saa kumi jioni, na Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu. Kwa hiyo mimi na mchana hatukutani mlimani, kila siku nateleza chini ya taa. Na chini ya taa sioni! Siyo kwamba kuna giza, mwanga upo. Ila theluji yote inakuwa kama uji wa mchele kwenye bakuli jeupe: tuta silijui, shimo silijui, barafu siijui mpaka iniambie yenyewe. Taa nazo naziona zina pete kuzunguka. Halafu ikifika raundi ya tano au ya sita miwani inaingia ukungu.

Jumanne nimepanda hewani bila kukusudia, nikatua na kifupa cha mkia. Sasa nakaa kwa awamu. Kilichoniuma zaidi ni vitoto vya miaka saba vilivyonipita kulia na kushoto kana kwamba vinaona mchana.

Miwani niliinunua kwa mtu, imetumika, ina kioo cha kung'aa rangi ya bluu kama mgongo wa inzi. Nani mzoefu anisaidie, tatizo liko wapi?

#2 KichwaNgumu
Mtu katoka Tukuyu, kazaliwa ndani ya ukungu, kasoma ndani ya ukungu, leo kafika Marekani anashtaki ukungu 😂😂 Naweka kambi hapa.

#3 Nairobi-Calgary
Boss, pole ya hicho kifupa. Mimi huwa nafundisha watoto wikendi hapa Calgary na kesi yako naiona kila wiki. Mwizi ni hiyo miwani ya inzi.

Angalia pembeni ya lenzi au kwenye ukanda, mara nyingi kuna alama ya S na namba. Hiyo namba ndiyo inakuambia mwanga kiasi gani unapita. S0 inapitisha asilimia 80 kwenda juu. S1 ni 43 hadi 80. S2 ni 18 hadi 43. S3 ni 8 hadi 18 pekee, na S4 ni 3 hadi 8. Lenzi nyingi za kioo cha kung'aa ni S3, zimetengenezwa kwa ajili ya jua kali la mchana juu ya theluji. Wewe umeivaa saa moja usiku. Yaani katika kila shilingi mia ya mwanga unaotoka kwenye nguzo, jichoni mwako zinaingia kumi, kumi na tano. Zingine unamwachia mtengeneza miwani.

Usiku vaa lenzi nyeupe kabisa, isiyo na rangi wala kioo. Kesi imeisha.

#4 FundiKigamboni
Nairobi-Calgary umefunga kesi haraka mno. Mleta uzi kasema mwenyewe: "siyo kwamba kuna giza, mwanga upo". Sasa ukimwongezea mwanga ataona nini? Ataona uji mweupe zaidi.

Mimi ni fundi umeme, theluji sijawahi kuikanyaga, ila mwanga naujua. Jicho halioni tuta, linaona kivuli cha tuta. Theluji ni nyeupe yote, kwa hiyo bila kivuli hakuna umbo. Ukiweka taa nyingi za pande zote, kila moja inafuta kivuli cha mwenzake na kila kitu kinakuwa bapa. Ukiweka taa upande mmoja, tena chini kidogo, hata kokoto inatupa kivuli kirefu. Ndiyo maana barabara ya vumbi unaona mashimo vizuri saa kumi na mbili jioni kuliko saa sita mchana.

Naomba kujua: taa za huko ni za njano ya chungwa au nyeupe? Na ziko upande gani wa mteremko?

#5 Shangazi Mkorofi
Mwanangu, ada ya Januari imetumwa? Maana naona mifupa ndiyo inayovunjwa.

#6 MpimaMacho
Kabla hamjamuuzia lenzi na kumhamishia nguzo, nimuulize mgonjwa. Una umri gani? Unavaa miwani ya kusomea au ya mbali? Hizo pete kwenye taa unaziona mlimani tu au hata ukiendesha gari usiku?

#7 Mtoto wa Tukuyu
Asanteni. Nijibu kwa mpigo.

Nairobi-Calgary: nimeangalia, imeandikwa S3. Nimeishiwa pozi.

FundiKigamboni: sehemu kubwa ni taa nyeupe, ila kuna mteremko mmoja wa zamani una taa za chungwa kama zile za barabarani. Nguzo zipo upande wa kushoto ukiwa unashuka. Wanaoanguka tuko wengi mle, sijioni mpweke.

MpimaMacho: miaka 34, sijawahi kuvaa miwani ya macho. Nikiendesha usiku taa za magari yanayokuja zina miguu, kama buibui. Nilidhani kila mtu anaona hivyo.

Shangazi: imetumwa, muulize mama.

#8 MpimaMacho
Hapana, si kila mtu anaona buibui. Taa yenye miguu au pete ni dalili ya kawaida ya astigmatizimu, konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, haiko mviringo sawasawa, imejibinya kama yai. Mchana mboni inakuwa ndogo, mwanga unapita katikati tu na kasoro inajificha. Usiku mboni inafunguka na kasoro zote za pembeni zinajitokeza. Juu ya hapo kuna watu wanaopata uoni hafifu wa mbali usiku tu, kwa sababu jicho likikosa kitu cha kukishika linajirudisha kutazama karibu.

Nenda ukapimwe. Lenzi nyeupe haitamsaidia mtu ambaye picha yenyewe inafika nyuma ya jicho ikiwa imevurugika.

Na kwa wazee mliopo kwenye uzi: mtu wa miaka 60 nyuma ya jicho lake inafika karibu theluthi moja tu ya mwanga unaomfikia kijana wa 20. Mboni inakuwa ndogo na lenzi ya asili inapata manjano. Vitoto vya miaka saba kukupita si uchawi.

#9 Mzaramo Halisi
Ale karoti. Babu yangu alikula karoti akawa anawinda usiku bila tochi.

#10 MpimaMacho
Mzaramo, babu apumzike kwa amani, lakini karoti inamsaidia aliyepungukiwa vitamini A. Huyo ndiye anayepata upofu wa usiku, na ndiyo sababu watoto wetu wanapewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Mtu anayekula vizuri akiongeza gunia la karoti atageuka rangi viganjani, hataona zaidi.

#11 KichwaNgumu
Babu aliwinda bila tochi kwa sababu betri zilikuwa ghali. Tuendelee.

#12 Dagaa wa Mwaloni
Mimi nipo Mwanza, theluji naijua ile ya kwenye friji. Ila kuona usiku nimezaliwa nako, nimevua dagaa ziwani tangu enzi za karabai, sasa tunatumia za LED. Sheria ya kwanza kwenye mtumbwi: usiitazame taa. Ukiikazia macho dakika moja, ukigeuka kutazama maji umekuwa kipofu, huoni hata mkono wako, na inachukua muda mrefu macho kurudi. Wageni tunawajua kwa hilo.

Sasa mleta uzi, ukiwa kwenye ile lifti ya viti unapandishwa, unafanya nini? Usinidanganye.

#13 Mtoto wa Tukuyu
… naangalia simu.

#14 Dagaa wa Mwaloni
Basi nimemaliza, mtanilipa kwa M-Pesa.

#15 MpimaMacho
Dagaa yuko sahihi nusu. Macho kuzoea giza kamili kunachukua dakika 20 hadi 30, na taa kali inakurudisha mwanzo. Ila mlima wenye taa si giza kamili. Hapo macho yako katikati: zile seli za mchana zinazoona rangi na vitu vidogo bado zinafanya kazi, na zile za usiku zimeamka nusu. Simu inaharibu, ndiyo, lakini siyo kama kwenye mtumbwi. Kinachoumiza zaidi ni kutoka kwenye mgahawa unaowaka kama duka la simu, ukaingia moja kwa moja kwenye mteremko. Raundi ya kwanza ishuke taratibu.

#16 Mpandisha Wageni
Habari zenu. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro kupitia Marangu, siku hizi nimepumzika. Safari ya kileleni inaanza kama saa sita usiku, kila mtu na tochi ya kichwani, mpaka Uhuru, mita 5,895, mkifika jua linachomoza. Tulikuwa tunawaambia wageni mambo mawili. Moja, usimtazame mwenzio usoni ukiwa na tochi kichwani, utampofusha na atakuchukia mpaka kambi ya Horombo. Pili, betri weka karibu na mwili, baridi inazinyonya.

Kwa nini mleta uzi asifunge tochi ya kichwani juu ya helmeti? Wageni wetu wanaona vizuri tu.

#17 FundiKigamboni
Kwa sababu wageni wako wanatembea pole pole! Tena wanatazama kisigino cha aliye mbele. Tochi iliyo juu ya macho inamulika mstari uleule unaotazama, kwa hiyo kivuli cha kila tuta kinajificha nyuma ya tuta lenyewe, hukioni. Ni kama kupiga picha kwa flashi, uso wote unakuwa bapa kama sahani. Na theluji ikiwa inadondoka, kila chembe inakurudishia mwanga usoni, sawa na kuwasha taa kubwa kwenye ukungu wa Kitulo.

Tochi ukiishika mkononi, chini usawa wa kiuno, hapo utaona vivuli. Jaribuni leo kwenye ua mkiwa na mchanga.

#18 Mpandisha Wageni
Nimejaribu sasa hivi uani, mbwa kanibwekea. Ni kweli bwana. Chini inaonyesha hata nyayo za kuku.

#19 Nairobi-Calgary
Tochi achaneni nayo kwenye mlima wenye taa. Unampofusha anayekuja kwa lifti na anayepumzika pembeni. Ukitaka uingie porini pasipo na nguzo hiyo ni hadithi nyingine, na mleta uzi hajafika huko.

#20 MwanaTanga
Nyinyi mnahangaika na nini? Njooni Dubai. Ski Dubai ipo ndani ya duka tangu 2005, mteremko mrefu una mita 400, taa ni zilezile saa tano asubuhi na saa tano usiku. Mimi nimejifunzia humo, sijawahi kukosa kuona.

#21 KichwaNgumu
MwanaTanga unateleza ndani ya friji la samaki halafu unawapa watu ushauri wa mlima.

#22 MwanaTanga
Friji lenye lifti, heshima tafadhali. Lakini nakiri, siku niliyopelekwa mlima wa kweli usiku kule Ulaya nilitaka kulia. Mule ndani mwanga unatoka juu kote, theluji inasawazishwa, hujui kama unahitaji kuona mpaka ufike nje.

#23 Mzaramo Halisi
Waafrika tuache mambo ya barafu. Isipokuwa yule Mkenya wa snoubodi, Philip Boit, alishiriki Olimpiki.

#24 Nairobi-Calgary
Mzaramo, leo umeamka na nini? Boit hakuwa wa snoubodi. Alikuwa wa skii za masafa, kilomita 10, Nagano 1998. Alimaliza wa mwisho na bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, akabaki pale mwisho akimsubiri ili amkumbatie. Kwenye miteremko tumekuwa na Sabrina Simader, PyeongChang 2018, naye ni wa skii. Ubao mmoja bado nafasi iko wazi, Mtoto wa Tukuyu changamka.

#25 Shangazi Mkorofi
Achangamke na kifupa kipi?

#26 Mama Bukavu
Mimi niko Finland, Rovaniemi, na watoto wangu wote wanateleza. Mwezi wa kumi na mbili hapa jua linaonekana kwa muda wa saa mbili na kidogo tu kwa siku, halafu kwisha. Kwetu kuteleza ni chini ya taa, mchana hatuungojei. Mnabishana sana juu ya macho. Watoto wangu hawatazami theluji, wanaisikiliza. Barafu inakwaruza kama kisu kwenye sahani, krrr. Theluji laini inanong'ona, haina sauti kabisa. Na miguu inasikia kabla ya macho.

Angalia pia ni saa ngapi. Theluji ikiloa mchana, watu wakaipitia, jioni baridi inaigandisha vilevile ilivyo, na mashimo yake na michirizi yake. Saa kumi jioni palikuwa laini, saa moja ni mawe. Wewe unasema huoni. Mimi nasema mlima umebadilika, wewe hukuambiwa.

Magoti laini, kaka. Mtu aliyekaza magoti hata akiona tuta litamtupa.

#27 KichwaNgumu
Mama Bukavu kaja na hoja mpya mezani: macho si muhimu. MpimaMacho uko wapi, ajira yako inaondoka.

#28 MpimaMacho
Nipo. Mama ana hoja. Lakini masikio hayatakuonyesha mtu aliyekaa chini katikati ya njia akifunga viatu.

#29 Nairobi-Calgary
Mleta uzi, swali moja ambalo sote tumelisahau. Mguu gani unautanguliza? Na ulipoanguka ulikuwa unakata kona kwenda upande gani?

#30 Mtoto wa Tukuyu
Mguu wa kushoto mbele. Nilikuwa nakata kwa visigino, yaani nimelalia ukingo wa ubao wa upande wa visigino, kwenda kushoto. Kwa nini?

#31 Nairobi-Calgary
Sikia basi. Anayetanguliza kushoto anaitwa regula, anayetanguliza kulia ni gufi. Mtu wa skii anatazama mbele na macho yake mawili. Wewe wa ubao umesimama ubavu kama mtu aliyening'inia mlango wa daladala. Regula kifua kinatazama kulia, mgongo uko kushoto. Ukikata kwa visigino unaingia kushoto, yaani unaingia upande wa mgongo wako, upande usiouona mpaka ugeuze shingo juu ya bega.

Na nguzo umesema ziko wapi? Kushoto. Kwa hiyo kila ukigeuza shingo kuangalia unakoenda, taa inakupiga usoni. Na ukitazama kulia, taa iko mgongoni na kivuli chako mwenyewe kinalala pale unapotaka kuona. Gufi kwenye mteremko huohuo anasherehekea.

#32 FundiKigamboni
NILISEMA TAA. Soma #4.

#33 Nairobi-Calgary
Ulisema taa kwa sababu nyingine kabisa, usijipigie makofi.

#34 Gufi wa Arusha
Mimi ni gufi, niko Oslo, na sisherehekei chochote. Naanguka pande zote kwa usawa.

#35 BiasharaMbele
Kaka nina lenzi za njano, za usiku, zinaongeza mwanga, bei poa. Njoo inboksi.

#36 Mkosoaji
Lenzi haiongezi mwanga, haina betri. Lenzi yoyote yenye rangi inapunguza. Hizo za njano zinauzwa sana kwa madereva wa usiku, na mwaka 2019 watafiti wa macho wa Boston waliwaweka watu kwenye kifaa cha kuigiza udereva, wakapima kama wanawaona wapita njia mapema zaidi wakivaa za njano. Hazikuwasaidia. Ukivaa njano unajisikia mwanga umeongezeka kwa sababu bluu imekatwa.

#37 Mama Bukavu
Binti yangu anavaa waridi hafifu, S1, usiku kila siku. Anasema inamchongea matuta vizuri kuliko nyeupe. Sasa nimwambie watu wa Boston wamesema hapana?

#38 Mkosoaji
Boston walipima gari na mtu wa miguu, hawakupima theluji. Mwache binti na waridi lake.

#39 Nairobi-Calgary
Mimi niliyesema nyeupe bado nasema nyeupe, ila nakiri mchana wa mawingu mazito, theluji ikiwa bapa, njano au waridi naivaa mwenyewe. Usiku sijaona tofauti inayostahili hela yangu. Macho ya watu yanatofautiana. Mtu wa ile lenzi ya kukata mng'ao, polaraizdi, usiku asiivae: inakula mwanga, na inafuta ule mng'ao mdogo ambao ndio unakuonyesha palipo na barafu.

#40 Mtoto wa Tukuyu
Nimejifunza zaidi hapa kuliko kwa yule jamaa aliyenivuta. Bado hatujagusa ukungu. Nikifika juu natoa jasho, navua miwani naipandisha kwenye kofia, nafuta ndani na glavu, navaa. Ndani ya dakika mbili ni sufuria la ugali limefunikwa.

#41 Nairobi-Calgary
Aisee umefanya makosa yote kwenye sentensi moja, hongera.

Kuipandisha kichwani: paji la uso lina jasho na joto, mvuke wote unaingia kwenye lenzi. Iache usoni au itundike shingoni mbali na pumzi. Kufuta ndani: upande wa ndani una mpako laini wa kuzuia ukungu, glavu imeshaukwangua, na kwa miwani iliyotumika inawezekana mwenye nayo wa kwanza aliumaliza. Ikiloa, ikung'ute, gusisha kitambaa laini bila kusugua, iache ikauke. Ile skafu ya kufunika pua usiichomeke chini ya miwani, pumzi yote inapanda juu. Na angalia vitundu vya hewa juu ya fremu kama havijazibwa na theluji uliyoichota ulipoanguka.

Ukisimama ni ukungu, ukitembea hewa inapita unaondoka. Kwa hiyo ukipumzika pumzika kidogo.

#42 KichwaNgumu
Sisi Dar kwenye miwani ya kuogelea tunatema mate. Bure.

#43 Mama Bukavu
Mate kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri yanakuwa barafu. Utaona Dar yenyewe kupitia humo.

#44 Gufi wa Arusha
Na zile mashine za kutengeneza theluji zikiwashwa usiku? Hapo mtu unapita kwenye manyunyu ya maji, yanagandia nje ya lenzi kama sukari. Ukiyakwangua na kucha umechora lenzi. Mimi nageuza uso, nashusha kidevu, napita, nasali.

#45 Mtoto wa Tukuyu
MREJESHO. Jana Ijumaa nimerudi mlimani. Nimeacha miwani ya inzi nyumbani, nikavaa ile ya plastiki nyeupe ya kujikinga tunayopewa kazini. Simu nimeiweka mfukoni. Nikahamia mteremko wa upande wa pili ambao nguzo ziko kulia. Raundi mbili za kwanza nimeshuka kama bibi harusi.

Wakuu, nimeona! Michirizi ya ile mashine inayosawazisha theluji nimeiona moja moja, na tuta nimeliona likiwa bado mita kumi. Taa bado zina miguu. Upepo umeingia pembeni ya miwani, machozi yakaganda kwenye kope, nikashuka raundi ya mwisho jicho moja limefungwa. Nimeanguka mara nne badala ya kumi na kitu.

#46 FundiKigamboni
Umebadilisha miwani, simu, mwendo na upande wa taa kwa mkupuo. Sasa tutajuaje ni nini kimekusaidia? Ungebadilisha kimoja kimoja bwana, hata fuse tunatafuta hivyo.

#47 Nairobi-Calgary
Ni miwani.

#48 Dagaa wa Mwaloni
Ni simu.

#49 Mama Bukavu
Theluji ya Ijumaa ilikuwaje? Ilidondoka mpya?

#50 Mtoto wa Tukuyu
Mama, ilidondoka mpya Alhamisi usiku, kama inchi tatu. Laini kabisa.

#51 Mama Bukavu
😌

#52 MpimaMacho
Na miguu ya taa bado ipo, kasema mwenyewe. Umeshaweka miadi?

#53 Mtoto wa Tukuyu
Tarehe 14. Nikipewa miwani ya macho nitaivaaje ndani ya miwani ya theluji?

#54 Nairobi-Calgary
Kuna za theluji zilizo pana kwa ajili ya wavaa miwani, zinaandikwa hivyo dukani. Jiandae kuona ukungu wa tabaka mbili. Wengi wanaishia kwenye lenzi za kubandika jichoni.

#55 Mzaramo Halisi
Mpandisha Wageni, hivi mtu akija na ubao Kilimanjaro usiku anaweza kuteleza kutoka juu?

#56 Mpandisha Wageni
Ateleze juu ya nini? Barafu ya kule zaidi ya asilimia 80 imeshapotea tangu 1912, unapanda kwenye vumbi na changarawe. Na usiku ule mtu anatafuta pumzi, siyo mchezo. Ila kushuka kwenye ile changarawe kwa viatu, wageni wanateleza vizuri tu, tena bila kulipia lifti.

#57 Gufi wa Arusha
Kuna mtu anauza lenzi nyeupe iliyotumika, saizi kubwa? Siyo BiasharaMbele.

#58 Shangazi Mkorofi
Kifupa kinaendeleaje?

#59 Mtoto wa Tukuyu
Kushoto naweza kukaa, Shangazi. Kulia bado.